Mchezo Unangoja Mtu wa Pili

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zangu ni nyingi, zingekuwa uzi ningekushonea koti. Hujambo? Kifua je? Huko ughaibuni, kwenye mvuke wa kufulia mashuka ya hospitali, ukitoka jasho usisimame mlangoni, upepo hauna adabu. Mimi mzima, ila magoti. Mambo ya baba yako ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Simu siitaki kwa jambo hili. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani, sebuleni wanakupa pole.

Mkono wake wa kulia bado umelala tangu alipopooza. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira laini wa kuminya. Akauminya mara moja, akasema yeye si mkamua maziwa, akautupa juu ya kabati. Sasa juzi narudi kupeleka sare za shule, namkuta ametoa uvunguni ile kompyuta yenu ya zamani, ile ya vitufe vya herufi inayochomekwa kwenye televisheni. Kaifungua kwa mkono wa kushoto, skrubu kazibana kwa meno. Nikajua leo anameza moja! Lakini ikawaka. Kaseti ya mchezo ikalia ule ukelele wake kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu mchezo wenu wa mpira ukatokea: mtu mwekundu huku, mweupe kule, mpira katikati.

Ukasimama hapo hapo. Wewe unajua, hauanzi mpaka mtu wa pili abonyeze. Baba yako amekaa na kijiti chake cha kuchezea, kijiti cha pili amekiweka kwenye kiti chako. Nikamwambia, "Fundi, si umwite jirani?" Akasema, "Jirani anacheza kama anafukuza kuku."

Jina lako hakulitaja. Hajalitaja tangu ulipokataa kukaa naye kibandani kutengeneza redio, ukaondoka hamkuagana. Lakini kiti ni chako, mwanangu, nimekiona kwa macho yangu.

Nifundishe kucheza. Huenda mkono ukaamka.

Mama yako anayekuwaza


29 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua pia. Kazi ni ile ile: mashuka yanaingia machafu, yanatoka yamenyooka, kesho yanarudi tena. Pole na magoti.

Kijiti kishike kwa mkono wa kushoto, kitufe kibonyeze kwa dole gumba la kulia. Mpira usiukimbize, huuwezi. Tangulia unakokwenda. Mzee akipanda mbele ni mzito kurudi, hapo upige ukuta wa juu, mpira utadunda na kuangukia nyuma yake.

Usimwambie kuwa nimekufundisha mimi.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia kifua kizima, lakini bado sikiamini. Vaa fulana ya ndani.

Nilikaa kwenye kiti chako. Baba yako akaniangalia kama nimekalia mayai. "Wewe?" Nikasema, "Mimi. Cherehani inahitaji mguu na mikono yote miwili, hicho kijiti kitanishinda nini?" Lo! Alinifunga, akanifunga, hata huyo mtu wangu mweupe nikamwonea aibu. Mpira una mbio kama umeiba. Nikipiga kelele, ananiambia, "Mama, hakusikii huyo, msogeze!"

Halafu nikafanya ujinga. Siku moja alichoka, kijiti kikawa kinamteleza, nami nikamwachia afunge. Nilidhani ni upendo. Akazima televisheni. "Nimekuwa mtoto wa kubembelezwa uji?" Wiki nzima tukawa tunaombana chumvi kama wapangaji.

Aliporudi mchezoni nikaona hapa hakuna huruma. Akapanda mbele, nikapiga ukuta wako. Ukadunda, ukamwangukia nyuma, goli! Nikaruka, magoti nikayasahau. Yeye hakuruka wala hakununa. Akauliza polepole, "Huo ukuta umeujulia wapi?"

"Bahati tu."

"Bahati," akasema. Basi. Akabonyeza tuanze upya, na akabonyeza kwa dole gumba la kulia, mwanangu! Sasa kikombe anakishika, kinatetemeka lakini hakimwagi.

Ila ukuta ameshauziba. Nipe mwingine, haraka.

Mama yako


11 Mei

Mama,

Shikamoo sana. Barua yako nimeisoma chumba cha kubadilishia nguo, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuangalia nani anakufa. Nimewapangia wenzangu ndoo na sabuni sakafuni kuwaonyesha ule ukuta. Hawakuelewa kitu, wakapiga makofi.

Fanya hivi. Kimbia chini kana kwamba unapiga, usipige. Subiri mtu mwekundu ateleze, ndipo upige juu. Ukibonyeza mapema umeharibu. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi yake, alikuwa akivuta pumzi kabla ya kuruka.

Bado anavuta? Bado anauambia mpira "njoo kwa babu"? Niambie vyote, Mama, hata vidogo.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, maana mimi huku moyo unapanda na kushuka.

Bado anavuta pumzi. Nilimsikia, nikasubiri, mtu mwekundu akateleza, nikapiga juu. Goli. Mwanangu, baba yako alicheka! Kicheko kile cha zamani cha kutikisa vikombe. Kisha akaanza kusema na televisheni, si na mimi: "Eeh! Umejifunza ujanja huko, siyo? Hujaacha tu! Tena, njoo tena!" Tukacheza, anataniana na wewe, mimi nimekaa pale kama fundi bomba aliyekuta wenye nyumba wanaongea.

Ghafla akakilaza kijiti mapajani. Akaniangalia, akasema, "Mke wangu, wewe ni mkono. Kichwa kiko wapi?"

Nikamwambia. Ningedanganya nini tena?

Tangu siku hiyo hataki. Anasema mpira wa mbio hauchezwi kwa posta. Kila jioni anawasha, mchezo unasimama pale pale, anaukodolea macho, anazima. Nikikaa kwenye kiti, ananiambia kwa upole, "Acha."

Njoo, mwanangu. Yeye hajasema njoo. Nasema mimi.

Mama yako


14 Agosti

Mwanangu,

U mzima kweli? Juni imekwisha, Julai imepita, posta naenda mpaka karani ananipa pole kabla sijafika dirishani. Kama nimekuudhi kwa kusema njoo, nisamehe, lakini andika. Hata ukiandika neno moja, la matusi, nitajua mkono wako unaandika.

Baba yako haulizi. Ila nikiingia anaangalia mikono yangu.

Mama yako


30 Agosti

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Si ugonjwa. Nilikuwa sijui niandike nini.

Nilipita soko la vitu chakavu nikaikuta kompyuta kama yetu, na kaseti ya mchezo ule ule. Nikaileta chumbani. Nikaiwasha. Mwekundu, mweupe, mpira katikati, umesimama. Hapa hakuna wa kubonyeza, Mama. Wenzangu hunionea huruma, wanajaribu, lakini hawajui kutukanana.

Ukweli ni huu. Karatasi zangu za kukaa huku hazijakamilika. Nikitoka, sirudi tena. Hapo kazi imekwisha, chumba kimekwisha, na baada ya miaka yote hii nakuja na begi moja. Siku tuliyogombana Mzee aliniambia nitarudi mikono mitupu. Nikija hivyo atanifungulia, au atasema "nilikwambia"? Muulize kwa ajili yangu. Mimi siwezi.

Mwanao


19 Septemba

Mwanangu, mtoto wangu,

Leo salamu ni fupi, maana neno ni moja.

Nilimsomea barua yako yote, neno kwa neno, kwa kusoma kwangu huku kwa kujikwaa. Alikuwa anachomea waya wa redio ya jirani, kwa mkono wa kulia. Akaweka chombo chini. Nikamuuliza, "Fundi, mtoto akirudi mikono mitupu?"

Akaupuliza waya upoe. Kisha akasema, "Kwani kijiti hushikwa na mkono uliojaa?"

Nikalia. Akaniambia nisimwagie maji redio ya watu. Halafu akaendelea, huku amenipa mgongo: "Mwambie kibandani simlazimishi. Afue mashuka, asifue, shauri yake. Ila asidhani nitamhurumia. Mkono umeamka."

Sasa mimi. Mwanangu, mama hamvuti mtoto gizani. Ukiona maisha yako yako huko, kaa, nami sitakulaani, nitakuombea kama siku zote na fulana nitakutumia. Lakini ukiona ni huku, nimeshafua shuka la kitanda chako, na kiti nimekihamisha karibu kidogo na cha kwake.

Ninachokuomba ni kimoja. Barua zako nazipenda, nazilalia. Hii usiijibu. Karani akinipa bahasha nitajua huji. Kwa hiyo kila Jumatatu nitakwenda posta, nitasimama dirishani, na nitaomba nisikute kitu.

Mama yako