Picha ya Alinanuswe na Waya wa Breki

Uyole, Mbeya
16 Juni 1957

Mpendwa Kaka Isakwisa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Luanshya, na kikohozi cha vumbi la mgodi kimekuachia. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu ni kali. Mama amemaliza kuvuna maharage. Mkeo Alinanuswe ni mzima, na mtoto ameanza kusimama kwa kushika ukuta.

Kaka, unajua mimi mbele za watu nakuwa bubu. Mwalimu akiniita ubaoni machozi hunitoka kabla sijashika chaki. Lakini karatasi hainikodolei macho, kwa hiyo leo nitasema.

Ulimwandikia baba kwamba hutamwita Alinanuswe huko mpaka uione sura ya mtoto kwa picha safi, usije ukalea mtoto wa watu. Baba aliisoma kwa sauti. Alinanuswe alikuwa jikoni, akimkwepa baba mkwe wake kama ilivyo desturi, akasikia kila neno. Ulimwacha na mimba, tena ukijua. Niliona aibu kwamba mimi na wewe tumenyonya ziwa moja.

Ukaagiza picha aipige Ambrosi, kwa kuwa ana vifaa halisi vya kampuni ya kamera, na mimi nisiiguse kazi hiyo na “makopo ya Zubery”. Kamera ni ileile uliyoniachia, kaka. Na kopo ni moja tu, la kakao. Zubery fundi baisikeli alilikata, nami nikalipaka masizi kwa ndani, lizuie jua lisipige kwenye lenzi. Linazuia. Jua halisomi jina la kampuni.

Basi Ambrosi akaja likizo kutoka Iringa. Ungemwona! Mkoba wa ngozi una jina, kizuia jua kina jina, na waya wa kufyatulia picha umelazwa ndani ya kiboksi cha mahameli, mfupi kama mkia wa panya. Mpaka amalize kufungua vifungo vyote hivyo, kuku walishapita mbele ya kamera wakaenda zao. Alipouona waya wangu mrefu, ambao Zubery aliniundia kwa waya wa breki na ncha ya spoki, alicheka mpaka akashika mbavu.

“Lusia mwanangu, hiyo ni kamera au baisikeli? Ukifika mteremkoni inasimama?”

Watu wakacheka. Mimi nikatazama miguu yangu.

Lakini wewe na yeye, wasomi wawili, mlisahau jambo ambalo hata watoto wa hapa wanalijua. Ambrosi ni mdogo wake baba. Ndevu zenyewe hana, ila kwa Alinanuswe ni baba mkwe, na mkwe hatazamwi. Alipotokea tu uani, Alinanuswe akajifunika kanga gubigubi, yeye na mtoto, akageukia ukuta. Ambrosi akaanza kuhubiri kwamba hayo ni mambo ya kizamani, sisi ni Wakristo.

Mama akamwambia, “Shemeji, ubatizo haukukufanya kaka yake.”

Akapiga hivyohivyo. Picha yake nimeiweka humu: kanga iliyosimama. Imetoka safi sana, hata maua yake yanahesabika. Vifaa halisi!

Ambrosi alipokwenda kutembea, nilipindua kinu nikaifunga kamera juu yake. Mkono wangu hutetemeka watu wakinitazama, wewe unajua, kwa hiyo nikampa Alinanuswe ncha ya waya. “Wifi, bonyeza mwenyewe utakapotaka.” Akaupitisha chini ya kanga. Mimi nikaenda kusimama kwenye migomba.

Akajifunua. Mtoto alikuwa ameielekea kamera, anacheka na meno yake mawili. Nikasema moyoni, sasa. Hakubonyeza. Alimgeuza taratibu, akamlaza kifuani, uso wote ndani ya ziwa, kisha akainua macho. Ndipo nikasikia klik.

“Wifi, sura ya mtoto haikuonekana. Filamu bado ipo.”

“Inatosha.”

“Kaka atasema...”

“Anayetaka kumwona mwanangu, barabara anaijua.”

Hiyo ndiyo picha ya pili. Mtazame vizuri mkeo anavyokutazama. Huo mstari mweusi kwenye majani ni waya wa breki. Ule wa mahameli usingefika hata kwenye goti lake. Ningeweza kukuandikia mtoto amefanana na nani, maana kijiji kizima kinamwona kila siku. Siandiki.

Baba na mama wanakusalimu. Bibi Damari anakusalimu, na Zubery vilevile, ingawa umemtukana. Alinanuswe nilimuuliza kama ana salamu. Akaendelea kupepeta mchele.

Mungu akutoe salama kila ushukapo chini ya ardhi.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye hata leo,

Lusia