Waume Watatu wa Mfalme

Kwa mdogo wangu Odierna,

Salamu nyingi za upendo zikufikie huko Nikosia, nikitumaini kikohozi kimekuacha. Mimi ni mzima, ila magoti. Habari mpya nimeipata leo asubuhi kwa amiri Sunkuri, mjumbe wa Sultani: bwana wake amekubali masharti yangu. Ngome ya Burjani haitazingirwa kwa miaka kumi.

Sheria yetu unaijua. Mjane mwenye ngome, kabla hajatimiza miaka sitini, huletewa na Mfalme wanaume watatu achague mmoja; akikataa, Mfalme humchagulia mwenyewe, na akizidi kukataa ananyang'anywa ardhi. Mimi nina hamsini na mitatu. Mwezi uliopita bwana Gotieri, mjumbe wa Mfalme, alishuka melini na majina hayo matatu. Wa kwanza hasikii wala haoni. Wa pili ameshazika wake wawili, na hakuna aliyeuliza walikufaje. Wa tatu ni Renieri, yule aliyekabidhiwa lango la mji wa Marsiya akatoroka kwa mashua, akawaacha walinzi wake wachinjwe, mwanangu akiwa mmoja wao.

Nilimuuliza Gotieri kama huyo Renieri atakuja na mashua yake. Hakucheka. Alisema ukuta wetu una nyufa, askari waliobaki hawajazi hata meza moja, na ngome inahitaji mwanamume. Nikamuuliza wanaume hao walikuwa wapi Antiokia ilipoanguka mikononi mwa Sultani.

"Bibi," akanijibu, "chagua mume, au Mfalme akuchagulie."

Basi nikachagua. Nilimwomba Sultani aiweke Burjani chini ya ulinzi wake. Nampa nusu ya sukari yetu na mnara wa lango. Yeyote atakayeingia hapa kwa ndoa atakuwa amevunja mkataba. Padri ameninyima komunyo. Mpishi wangu, Msiria, anasema heri kutoa sukari kuliko kula panya.

Sasa lililo zito, ambalo nimelichelewesha kwa makusudi. Sultani haamini neno la Mfaranji, kama anavyotuita sisi watu wa Ulaya, bila rehani. Alitaka mrithi wangu akakae Kairo miaka yote kumi. Tangu mwanangu afe, mrithi wangu ni Rohardi, mwanao. Nimemtoa. Sikukuuliza, kwa sababu ungekataa, nami leo ningekuwa mke wa Renieri, na Rohardi angekuwa juu ya ukuta akingoja mawe yanayorushwa na manjaniki za Sultani.

Nilipomwambia, alisema, "Mama mkubwa, wewe umekataa kuchaguliwa mume. Mimi nani ameniuliza?"

Nilimwambia akafungashe nguo.

Anakusalimu, na anaomba joho la marehemu baba yake, kwa kuwa amesikia usiku wa jangwani una baridi. Nisalimie watawa wote unaoishi nao, hata yule asiyenipenda. Msamaha sikuombi, najua usingenipa.

Amiri ataondoka naye siku ya Mtakatifu Martini, baada ya misa. Meli iliyokuletea barua hii inarudi huku kabla ya hapo. Nahodha ameagizwa akuwekee nafasi.

Dada yako,
Femia, Bibi wa Burjani