Pete ya Bibi Ndani ya Video

Maskati, Alkhamisi

Kwa dada yangu Mwanamize,

Salamu nyingi zikufikie huko Unguja, wewe, shemeji na watoto. Vipi mgongo wako? Mama kila akimaliza kusali anakuombea, kisha ananiuliza mie kama umepata nafuu, utadhani mie ndiye daktari wako. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, ila joto linatutoa roho. Najua utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Simu siziamini tena, na ukisoma utajua kwa nini. Jirani yetu Bi Sayyida anasafiri kesho alfajiri kuja huko, ndiye atakayekuletea.

Kwanza nikupe khabari njema. Kazi ya wizara pale Al Khuwair nimeacha. Ndiyo, nimeacha, na usipige kelele ukaamsha watoto. Unakumbuka nilivyoanza chuoni: wasichana wote wanagombania kuimba, na gitaa la besi hakuna anayelitaka, ati zito na halisikiki. Nikalichukua mie kwa ubishi tu. Sasa bendi yetu ya wanawake, anayoiongoza Alaa, inaitwa harusi baada ya harusi mpaka nyengine tunazikataa. Mazoezi tunafanya Wadi Kabir, chumba kilicho juu ya gereji. Mafundi wanagonga mabati kutwa, basi hakuna anayetulalamikia. Nna furaha, dada, mpaka naona haya kuisema.

Na Baba aliridhia. Alimaliza kahawa yake, kisha akanambia kwa upole: "Piga kwenye kumbi za wanawake tu. Siku nitakayokuona ndani ya simu ya mtu, gitaa hilo halitolala tena nyumba hii." Nikambusu mkono. Sikuona tabu, maana unazijua harusi zetu za huku: simu zote zinachukuliwa mlangoni, hata mama wa bibi harusi haachiwi yake.

Baada ya harusi ya mwisho, Reem, binti wa shangazi, akanipigia kuniambia kuna video yangu inapita kwenye simu za watu. Uso hauonekani. Ni mikono tu, hina, gitaa, na pete ya bibi yetu, ile ya fedha yenye kito chekundu. Yeye alikuwa anacheka. Mie nilikata simu. Mara ikaonekana mpaka mtaa wa Sidab, watu wanauliza mpigaji binti wa nani. Kisha ikamfikia Ami Amur, na ami yetu unamjua, neno halimkai tumboni. Ametuma salamu kwamba kesho baada ya sala ya Ijumaa anakuja kula na Baba, ana kitu cha kumwonyesha.

Baba hajasema lolote, na hilo ndilo linalonitisha. Juzi alisafisha stoo ya nje kwa mkono wake, akaacha pembe moja tupu, kiasi cha gitaa. Jana tunakula, akauliza bila ya kuinua macho kwamba pete ya bibi naivaa kidole gani. Sijui kama video keshaiona au kasikia tu.

Video hiyo nimeiangalia mpaka nimejua ilipigwa kutoka wapi. Ilipigwa chini ya jukwaa, kwenye kiti kilichokuwa karibu na spika, na kiti hicho nilikiweka mwenyewe. Nilimwekea Mama. Alikuja kunisikia kwa mara ya kwanza, dada. Simu yake kubwa aliitoa mlangoni, na ile kuukuu yenye kamera ikabaki mkobani, ati ya kumwita Baba aje kumchukua. Mwisho wa video kuna mtu anasema taratibu, "Mashaallah, mwanangu." Wengine hawamsikii kwa ajili ya ngoma. Mie namsikia.

Na Mama hajui kutuma kitu kwenye makundi. Anajua kumtumia mtu mmoja tu, mwanawe aliye mbali. Hasira zilinipanda, sikufichi. Kisha nikasema, dada kafurahi, kamwonyesha shoga yake mmoja, naye kamtumia wake. Nani asingefanya?

Mama hajui kama inapita, anadhani iko kwako tu. Baba akijua ni yeye, hatomgombeza. Atanyamaza, na unakijua kimya cha Baba, kile kilichoingia nyumba hii ulipoolewa wewe ukahamia huko. Mama hatokiweza tena kwa moyo wake ulivyo dhaifu sasa. Basi kesho Ami akitoa simu, nitasema mie ndiye niliyemwomba mtu anipige video, kwa kiburi changu. Alaa nimeshamwambia atafute mpigaji mwengine. Alilia. Mie bado.

Ukiipata barua hii mambo yatakuwa yameshapita. Usimwambie Mama kitu, leo wala siku yoyote. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na mgongo uukande kwa mafuta ya moto kila usiku.

Ile video usiifute, nakuomba. Watoto wakiuliza mama yao mdogo alikuwa anafanya kazi gani, waonyeshe. Waache wasikilize mpaka mwisho, pale anaposema Mama.

Mdogo wako,
Muhsina