Doa la Mraba wa 214

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kuku wanataga. Mimi mwili mzima, moyo ndio una homa.

Kazi yangu hapa kituo cha nyota unaijua: napewa picha ya anga iliyochorwa miraba, nahakiki galaksi za kundi moja na kuziandika daftarini. Uchafu naukata kwa wino mwekundu. Kula mezani ni marufuku. Jumanne nilikula mkate wa siagi. Kuinamia picha, mraba wa 214 una doa hafifu la mviringo, kama alama ya kidole chenye mafuta. Nikalikata upesi, mkuu wa kituo akatia saini.

Leo nimetoa kabatini picha ya zamani, ya darubini nyingine. Doa lipo palepale! Shangazi, nimefuta galaksi. Orodha inachapwa mwisho wa mwezi, nami bado niko kwenye kipindi cha majaribio ya kazi. Nikisema, nafukuzwa kwa ajili ya mkate. Nikinyamaza, itabaki imefutwa. Nifanyeje?

Mwanao,
Kunguru

9 Machi

Kunguru wangu,

Marahaba. Goti linalalamika, kuku wazima, jogoo ana maringo kama baba yako.

Mimi yai nikilitilia shaka, naliinua mbele ya taa kabla ya kulitupa. Wewe umetupa kwanza. Haya, yameshatokea. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini wewe umekimbiza ubawa ukaacha yai! Nenda kaseme, na mkate uutaje kwa sauti, usiume maneno. Wakikufukuza, banda langu linataka karani. Kuku hawasomi, hawatajua ukikosea.

Shangazi yako

28 Machi

Shangazi,

Shikamoo! Nisamehe kimya changu. Siku kumi na mbili nilifika mlangoni kwa mkuu nikageuka.

Jana niliingia. Nikasema yote, hadi siagi. Mkuu akawaita makarani wawili wakongwe, akafungua madaftari ya nyuma. Mwaka jana, mraba wa 214: doa, limekatwa kwa wino mwekundu. Mwaka uliotangulia: doa. Na kabla yake: doa.

"Mimi nilijua ni karanga zangu," mmoja akasema, macho kwenye viatu.

"Mimi keki," akasema wa pili.

Daftari la zamani kabisa lilikuwa na mwandiko wa mkuu mwenyewe. Akakohoa. "Chai ya maziwa," akasema. Shangazi, tulicheka hadi mlinzi akaja kuchungulia!

Ni galaksi duaradufu, umbo la yai. Mkuu anasema nyota zake ni vikongwe watupu, karibu hakuna zinazozaliwa. Ameiingiza kwenye orodha, na mimi ameniingiza kwenye ajira.

Mwanao,
Kunguru

2 Aprili

Kunguru wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Nimemsomea jirani barua yako, akataka nirudie pale pa chai.

Vikongwe watupu, na bado wanaonekana kutoka mbali hivyo? Basi wasalimie, waambie goti langu linawaelewa.

Nimetuma trei ya mayai ya kuchemsha, ya kwako na wenzako, na mkuu naye. Mle nje.

Shangazi yako