Shuka za Baba

3 Machi
Mama, shikamoo. Mgonjwa wetu anaendeleaje? Mimi mzima. Pokea shuka mbili za poliesta. Hapa maabara ya kiwanda tumezitia dawa iliyoshika kwenye uzi wenyewe. Vijidudu vikigusa vinakufa. Mlalishe baba juu yake, kidonda cha mgongoni kipate nafuu. Fua kwa sabuni tu. Klorini usiguse, utaniharibia kazi ya miaka miwili.
Mwanao, kifungua mimba

10 Aprili
Marahaba, mwanangu. Tu wazima, ila magoti yangu. Kidonda kimekauka, harufu imekwisha. Baba yako sasa anadeka kama bwana harusi.
Mama yako

18 Aprili
Mama, shikamoo. Nimefurahi, lakini nimechanganyikiwa. Vipande vya shuka hizohizo hapa, vikifuliwa mara kumi tu, vijidudu vinastawi juu yake. Mkuu wangu anataka kufunga mradi. Nimemweleza habari za baba, akacheka. Hebu niambie unavyofua, usinifiche.
Mwanao

12 Mei
Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaona aibu. Nilikuficha. Miaka ishirini na sita nimefua mashuka ya hospitali. Mkono wangu haujui kufua shuka la mgonjwa bila klorini. Nilikuwa naloweka, kisha nasuuza mara tatu. Nisamehe. Tangu uulize nimeacha, nafua kwa sabuni kama ulivyoagiza. Ila sielewi: kidonda kimeanza kutoa maji tena.
Mama yako

20 Mei
Mama, rudisha klorini leo hii. Salamu baadaye. Aliyekosea ni mimi. Ile dawa yetu kazi yake ni kuishika klorini, na klorini ndiyo inayoua vijidudu. Klorini ikiisha kwenye uzi, nguvu zimekwisha, dawa inataka nyingine. Tumeloweka vipande kama wewe, vijidudu vimekufa vyote. Humu ndani hakuna aliyejaribu, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika kwenye maelekezo: marufuku. Baba vipi? Naogopa, mama. Jibu upesi.
Mwanao

1 Juni
Mwanangu, hujambo? Hayo ya dawa kutaka dawa bado sijayaelewa, usihangaike kunieleza. Nililoweka siku ileile barua ilipofika. Kidonda kinatoa maji bado, ila machache, na jana baba yako alilala chali akacheka. Kaniambia niandike hivi, nami naandika alivyosema: siku nyingine ukitengeneza shuka, kwanza muulize anayefua.
Mama yako