Saruji Isiyokauka

Dutwa, Septemba 1996

Mwanangu Bujiku,

Mimi baba yako mdogo Nkinda nina miaka sabini na minane. Nimezika kaka zangu wote, na duka la ushirika lililoniuzia saruji miaka thelathini nalo limekufa.

Ng'ombe wazima, pamba imenunuliwa. Kaburi la baba yako nililisakafia mwenyewe, ndoo tatu za mchanga kwa moja ya saruji. Leo siku ya tisa ya jua kali, bado bichi. Mama yako Generoza ananicheka, "Shemeji, umemwaga uji?" Uji! Kwa mfuko huohuo nilisakafia kizingiti chake, kesho yake kikawa jiwe. Kwa hiyo usisingizie saruji ya hawa wafanyabiashara wapya, wala usinisingizie mimi. Fundi kama mimi hayupo hadi Bariadi.

Ila baba yako alikuulizia hadi mwisho, nikamwambia uko njiani. Nilikuwa sijakuandikia kuwa anaumwa, kwa ule ugomvi wangu na wewe wa shamba. Njoo usimame pale, huenda likakauka.

Ukibisha, muulize fundi mwenzangu Marcelo. Alichomeka kidole kulipima, akasema kimeshikwa kwa ndani.

Baba yako mdogo,
Nkinda