Washapata Rais au Bado?

Sidi Baya,
Majengo, Mombasa.
Jumanne, 25 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kazungu,

Pokea salamu zangu kabla ya jambo lolote. Hujambo? Wenzako wa kikosini hawajambo? Ule mguu ulioteguka ulipokuwa ukishuka kwenye gari la deraya umepona, au bado wauburuta? Wala vizuri? Usingizi waupata? Mimi ni mzima wa mwili. Wanangu, Ketty na Levi, wanaendelea na masomo, na Mombasa iko pale pale ulipoiacha. Joto limeshaanza, na maji ya mfereji yanakuja siku yanayotaka yenyewe.

Barua hii akuletea Bonface, mtoto wa jirani yetu mama Ndinda. Naye kachaguliwa kwenye kikosi cha polisi kinachokuja huko Haiti kupokea zamu. Najua utacheka, Sidi na karatasi zama hizi! Lakini simu hukukuta popote, hata ukiwa doria, na mimi nataka usome hii ukiwa umekaa kitako. Nimemwambia Bonface akupe mkononi kabla hajavua buti, na akae kando yako mpaka umalize. Basi kaa.

Habari za Haiti nazijua kuliko za hapa. Pale kliniki ya meno Kibokoni ninakofanya kazi redio haizimwi, maana Daktari Mwanaesha asema mgonjwa akisikiza redio hasikii mashine. Kila nikiingia naulizwa, "Sidi, huko kwa nduguyo vipi leo?" Nami nawajibu huku napanga vyombo. Wanaoongoza nchi ni baraza la mpito, muda wake waisha Februari. Waziri mkuu alibadilishwa, akabadilishwa tena. Watu zaidi ya milioni moja wamekimbia makwao. Magenge yamekaa barabarani yatoza ushuru, lori halipiti bure, na mchele ukifika sokoni bei yake haishikiki. Nayasema hayo yote kwa sauti moja, kama mtu anayesoma ratiba ya feri.

Juzi nikasikia timu yao imefuzu Kombe la Dunia, mara ya kwanza tangu 1974, na mechi zenyewe za nyumbani walizichezea ugenini kwa sababu kwao hakuchezeki. Kliniki nzima walipiga makofi. Hata mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti mdomo wazi aliinua kidole gumba. Mimi nilitabasamu kwa kuwa wengine walitabasamu.

Wakumbuka ulipotuandikia kwamba watoto wa huko wakikuona hukuita "blan", na kwamba neno hilo kwao ni mzungu, na mgeni yeyote huitwa hivyo hata awe mweusi kama wewe? Nilimsomea Mama. Lo, alicheka mpaka akakohoa! Miaka thelathini watu wakimtania kwa kumwita Kazungu mtoto mweusi kama chungu, yeye akiwajibu kwamba ni jina la babu yake na halibadilishwi. Siku hiyo akasema, "Si mmeona? Jina limekwenda kumngoja ng'ambo." Alilirudia neno hilo kwa kila muuguzi wa chumba cha kusafishia damu, alikokwenda kwa ajili ya figo zake.

Tena alikuwa na swali lake moja, nawe walijua. Hakulielewa kabisa jambo la nchi kukaa bila rais. Kwake yeye hata mji wa watu watatu lazima uwe na mwenyewe. Kwa hiyo mara kwa mara akikutumia sauti kwenye simu humaliza hivi: "Na hao wenyeji wako, mwanangu, washapata rais au bado?" Na wewe humjibu, "Bado, Mama."

Kazungu, nimekuuliza hali yako na ya wenzako mpaka mguu wako, na za huku nimekutajia hadi maji ya mfereji. Ya Mama sijakuambia. Adabu zetu za pwani ndizo hizo, ukiulizwa habari ni njema kwanza, hata kama maiti iko ndani. Nimeandika mwanzo huu mara nne na kila mara mkono wenyewe ulikwenda kwenye "hatujambo". Safari hii nimeandika "ni mzima wa mwili" nikaona ndipo mwisho wa uwezo wangu.

Mama yetu alifariki Jumatatu tarehe ishirini na mbili Septemba, asubuhi, kabla ya kupelekwa kusafishwa damu. Hakuumwa sana siku hiyo. Aliomba chai ya tangawizi, nikaenda kuitia sukari, na niliporudi alikuwa ameshakwenda. Tulimzika Jumamosi nyumbani Kaloleni, upande wa Baba.

Baba mdogo Kenga alikaa na wazee akatoa amri usiambiwe. Alisema mwenye bunduki haambiwi msiba, atatoka doria macho yakiwa na machozi na asione anayemlenga. Simlaumu. Alikuwa akilia alipokuwa akisema. Nami nilikubali, tena niliona afadhali, maana nisingejua nikuambie kwa sauti gani.

Lakini Jumapili ikafika, ukamtumia Mama salamu zako kama kawaida. Simu yake ilikuwa mkononi mwangu. Nikakumbuka kwamba Julai, alipokuwa mgonjwa kitandani nyumbani nami niko kazini, alikuwa akinitumia na mimi sauti, na nyingine alinipa nikutumie wewe nikasahau. Nikaicheza moja kwenye simu yangu, nikaishika simu yake karibu, nikairekodi upya, nikakutumia. Ukajibu kwa furaha. Jumapili ya pili nikafanya vile vile. Sauti zilikuwa nne tu, kwa hiyo ikabidi zirudie.

Ile yenye swali la rais nimekutumia mara tatu. Hukushuku, kwa sababu kila mara jibu lilikuwa lile lile. Siku tatu baada ya maziko Umoja wa Mataifa ulipiga kura ya kikosi kipya kikubwa. Mwisho wa Oktoba mafuriko yakaua watu huko. Wazee wa baraza wakaendelea kugombana, tarehe za uchaguzi zikaendelea kusogea, na wewe ukaendelea kusema, "Bado, Mama." Nchi hiyo ingempata rais hata Oktoba, uongo wangu ungefichuka siku hiyo hiyo. Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari nikiomba wasimpate. Watu wafa njaa, nami nikiwaombea wasimpate rais! Nilijua ni dhambi na sikuhisi kitu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeficha kifo chenyewe, na aliyeniumbua ni jogoo. Jumapili hii iliyopita uliniandikia, "Dada, mbona nyuma ya sauti ya Mama namsikia jogoo wa mama Ndinda? Si uliniambia alichinjwa Agosti?" Nikakujibu kwamba kanunua mwingine. Hakununua.

Lakini hata huyo jogoo ningemalizana naye. Kilichonifanya nichukue kalamu ni maneno uliyoandika chini yake, kwamba wenzako wa zamu ya kwanza watarudi na wewe umeomba ubaki, uingie kikosi kipya, ili dawa za Mama zisikatike. Fomu waijaza mwezi ujao. Niliyasoma nikiwa nimeshika trei ya sindano. Nikaiweka chini, nikayasoma tena.

Hakuna dawa, Kazungu. Hakuna wa kunywa dawa. Usitie saini risasi zikupitie kichwani kwa ajili ya mtu ambaye tumeshamfukia. Ukibaki, ubaki kwa ajili ya hao watu wenyewe, nami sitakuzuia, wanastahiki msaada. Ila usibaki kwa sababu ya uongo wangu. Ndege itakayomleta Bonface ndiyo itakayowarudisha wenzako. Nenda kwa mkubwa wako umwonyeshe karatasi hii, mwambie umefiwa na mama. Baba mdogo Kenga hajui kama nimeandika. Akijua atafoka, na afoke.

Utaniuliza kama nililia. Sikulia. Nilinyoa nywele, nililala chini na wanawake wa matanga, niliwapikia wageni, na watu wakasema Sidi ana moyo mgumu. Kazi yangu unaijua, mimi ndiye ninayemshika mgonjwa mkono wakati daktari anapochoma sindano ya ganzi. Kila siku nawaambia maneno yale yale: "Utahisi kuvutwa, maumivu hutayahisi." Ndivyo nilivyo tangu Septemba. Nahisi kuvutwa tu.

Nguo zake nimezikunja, sijazigawa, nakungoja wewe. Kuna leso moja aliyokuwekea ya kumpa mkeo utakapooa. Jina lililoandikwa kwenye leso hiyo lasema alichokitaka, lakini nitakuachia ulisome kwa macho yako.

Wakusalimu Ketty na Levi, wasema uwaletee mpira wenye bendera ya Haiti. Wakusalimu mama Ndinda na Daktari Mwanaesha, ambaye amenipa dawati lake niandikie. Nilizoea kuanza na salamu za Mama, ndiyo sababu orodha imekuwa fupi. Nisalimie wenzako, na hao watoto wanaokuita mzungu.

Mungu akufunike mchana na usiku, na akurudishe kwenye mlango huu na miguu yako miwili.

Jambo la mwisho. Wagonjwa wangu huondoka kliniki wakicheka, mdomo umelala, hawajui kitu. Maumivu huwakuta nyumbani. Ganzi hii yangu nayo siku moja itatoka, na sitaki ikitoka niwe peke yangu na simu mbili mkononi. Njoo, Kazungu.

Mimi dadako akupendaye, aliyekudanganya kwa sauti ya Mama,

Sidi